Utomvu wa Mnyaa na Macho ya Muganyizi

Vijana wangu, jana mlipokuja hapa Kitendaguro na pampu zenu mgongoni, mkaniambia mmepata kazi ya kusafisha malisho kule Muleba, nilifurahi. Mlipoondoka nikakosa raha. Mliniuliza swali moja tu, dawa gani inaua visiki haraka, nikawajibu, mkashukuru, mkapanda pikipiki. Lakini mimi kazi hiyo nimeifanya tangu nikiwa na nguvu kama zenu mpaka magoti yalipogoma, na najua haiishii kwenye dawa. Kwa hiyo nawaeleza na mengine, jinsi yatakavyonijia. Humo humo nitawaeleza yaliyompata mwenzangu Muganyizi. Mwenyewe ameniruhusu. Niliwahi kumwomba ruhusa hiyo mara nyingi akakataa, na safari hii amekubali, nadhani kwa sababu ni nyinyi mnaokwenda huko.

Nyinyi mmekulia mjini, mkiona kijani mnadhani ni nyasi. Rweya, zile nyika wazi zilizo kati ya kijiji na kijiji, haibaki wazi yenyewe. Ng'ombe wakila sana, nyasi zikapungua, mgunga unapata nafasi. Nyuma ya mgunga inakuja lantana, ile yenye vijiua vizuri vya rangi ya chungwa ambayo watu waliipanda uani kama pambo. Misimu michache ikipita, mchungaji anamsikia ng'ombe wake akilia mle ndani na hamwoni. Hapo ndipo sisi tulipokuwa tunaitwa.

Niliingia kazini pamoja na Muganyizi. Tulikuwa tumemaliza shule ya msingi, hatuna la kufanya, yeye akitokea Nshambya na mimi hapa hapa. Aliyetuchukua ni mzee mfupi mwenye matege, tuliyemwita Ta Ishengoma. Hilo "Ta" ni kama kumwita baba, na kweli alitulea. Alikuwa na kundi lake la wafyekaji, na wenye ng'ombe wa Muleba walimjua.

Siku ya kwanza alituonyesha kipande cha migunga akatuacha, yeye akaenda kuongea na mwenye malisho. Tukafyeka kwa sifa. Kila mti tuliukata usawa wa goti, maana hapo panga linafika bila mtu kuinama. Jioni eneo lilikuwa jeupe kabisa. Muganyizi alipanda juu ya kichuguu akaimba wimbo wa kwaya ya parokia yao, kwa sauti ya kwanza, halafu akashuka akapanda tena akaimba ya tatu. Ta Ishengoma aliporudi alitazama kazi yetu, akasema twende tukale.

Baada ya mvua za vuli alitupeleka pale pale. Kila kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi kama vidole vya mkono, na miiba mirefu kuliko ya mwanzo. Palikuwa hapapitiki.

"Nani aliwafundisha kupogoa?" akatuuliza.

"Tulikata, Ta," nikasema.

"Hapana, mmepogoa. Mwenye kahawa angewachukua leo hii. Mimi nilitaka mti ufe."

Muganyizi alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia siku hiyo kila nilipokosea jambo, hata nikiunguza uji, alikuwa ananiambia, "Umepogoa."

Basi sikilizeni. Mgunga una shingo, pale shina linapokutana na mizizi. Machipukizi yanatoka hapo. Fukueni udongo, mkate chini ya shingo, ndani ya ardhi. Kama mti ni mnene na hamna nguvu ya kufukua, menyeni gome kuzunguka shina lote, upana wa kiganja, mpaka mwone mti mweupe unaoteleza, na msibakize hata uzi mmoja wa gome maana kwa uzi huo utaishi. Fanyeni hivyo majani mapya yakishatoka, kwa sababu wakati huo mizizi imetoa akiba yake yote kuyalisha. Na hiyo dawa yenu, kama ni ya kupaka, pakeni kisiki kikiwa bado kibichi kinatoa maji. Mkikata asubuhi mkaenda kunywa chai ndipo mrudi kupaka, mmepaka ukuni. Vaeni glavu, msipake karibu na kijito, na mwenye ng'ombe aambiwe wazi azuie mifugo mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite.

Lantana ng'oeni mvua ikishanyesha, udongo ukiwa laini, na mizizi yake. Msiiburute yenye matunda kupita sehemu iliyokwisha safishwa. Ta Ishengoma alikuwa mpole, lakini mtu akiburuta lantana yenye matunda alikuwa anamkimbilia kama anayemkimbilia mwizi. Irundikeni hapo hapo ikauke. Na ng'ombe mgeni mwenye njaa msimwache akaribie. Nilimwona mmoja, jike mwekundu mwenye pembe ndefu, aliyeletwa kutoka mbali wakati wa kiangazi. Aliila kwa sababu hakuna kingine kilichokuwa kibichi. Ngozi ya pua yake ilianza kubanduka kwa jua, akawa hatoki kivulini. Mama aliyekuwa na ng'ombe yule alikuwa anamfunika kichwa kwa kanga iliyolowa maji, anambembeleza kwa Kihaya kama anayembembeleza mtoto. Hakupona.

Tulikwenda hivyo msimu kwa msimu. Muganyizi alikuwa na tabia ya kuvipa majina visiki vilivyotushinda. Kimoja kilichotusumbua sana alikiita Mwalimu Mkuu. Akitaka kukipiga sururu alikuwa kwanza anakisalimia, "Shikamoo, Mwalimu," halafu anakipiga. Ta Ishengoma alijifanya anakasirika, lakini siku Mwalimu Mkuu alipong'oka, ni yeye aliyevua kofia.

Sasa nakuja kwenye mnyaa.

Mnaujua. Ni ule wa vijiti vya kijani visivyo na majani, watu wanaupanda uzio. Kwenye rweya mtaikuta imejipanga kwa duara, mirefu kupita nyumba. Hapo palikuwa na zizi la mtu zamani, mwenye zizi akahama au akafa, uzio ukabaki ukakua ukawa miti, ukatupa vijiti vikaota huku na huku. Ukivunja kijiti unatoka utomvu mweupe kama maziwa. Ukikugusa ngozini unawasha. Ukiingia jichoni ni moto.

Msidhani nitawaambia Muganyizi alikuwa mzembe. Ta Ishengoma alikuwa na masharti yake kuhusu mnyaa na hakuna aliyeyavunja. Kusimama upepo ukikutoka mgongoni. Kukata kwa msumeno, siyo kwa panga, maana panga linarusha. Kutotazama juu. Dumu la maji kukaa pale unapoweza kulifikia, siyo kule kivulini kwenye chakula. Siku ile yote hayo tulikuwa nayo, isipokuwa miwani, na miwani wakati ule tuliiona kwa mafundi wa kuchomelea tu.

Kulikuwa na tawi lililokatwa likaning'inia kwenye mti wa jirani. Sisi sote tulilijua na tulikuwa tunalizunguka. Muganyizi aliinama kuvuta kamba ya kuangushia mti. Upepo ukageuka ghafla, kama unavyogeuka kule juu ziwa likianza kupuliza, tawi likashuka likapasukia begani kwake. Nilisikia mlio tu, kama muwa ukivunjwa. Alipoinua uso ulikuwa mweupe wote. Akafanya ambacho mtu yeyote angefanya, akajifuta kwa mkono wa shati. Na shati lilikuwa limeloa utomvu tangu asubuhi.

Ta Ishengoma alimlaza chali akammwagia dumu zima. "Fumbua! Fumbua, mwanangu, hata kama inawaka!" Mimi nilimshika kichwa. Muganyizi, ambaye hakupitisha saa bila kunitania, alikuwa anamwita mama yake. Dumu lilipoisha, wawili wetu walikimbia kijitoni na wengine wakambeba. Tukamuosha tena kule bondeni. Halafu tukampakia kwenye baiskeli hadi barabarani, lori la ndizi likatuchukua mpaka Bukoba, yeye kalala juu ya mikungu, kitambaa kibichi usoni, ananiuliza kila mara tumefika wapi.

Hospitalini alitupokea daktari mwanamke, mtu wa maneno machache. Alimuosha tena macho kwa muda mrefu, akamtilia dawa, akamfunga. Akatuambia macho yameungua, lakini yanaweza kupona kwa sababu tuliwahi maji. Arudi kila siku kusafishwa. Na mkono wa mtu usitie kitu kingine chochote, isipokuwa dawa aliyotoa.

Siku chache baadaye alipofunguliwa kitambaa nilikuwa nimekaa mbele yake. Akakodoa, machozi yakimtoka.

"Sospeter," akasema, "bado unavaa hilo shati?"

Nililia pale pale. Alikuwa ameliona shati. Lilikuwa la kijani, limechanika kwapani, na alikuwa akilicheka tangu tulipoanza kazi. Daktari alitabasamu, akasema aendelee hivyo hivyo.

Nikarudi Muleba kumalizia kazi, kwa sababu mwenye malisho alikuwa anatungoja. Muganyizi akabaki kwa mama yake, Nshambya.

Mama yake tulimwita Ma Anastazia. Alikuwa mjane na Muganyizi ndiye mtoto pekee aliyembakia. Kila mtu pale Nshambya alimjua kwa majani. Mtoto akiwa na tumbo, analetwa kwake. Mtu akiamka macho mekundu, anaenda kwake, naye Ma anatwanga majani ya aina fulani, anakamua, anatia tone. Wengi walipona, au wangepona tu hata bila majani. Alikuwa hachukui chochote kwa mtu, labda shukrani na mkungu mdogo wa ndizi. Na mikono yake ilikuwa myepesi. Hata mimi aliwahi kunitoa mwiba wa mgunga kwenye unyayo bila mimi kusikia.

Muganyizi aliniambia baadaye jinsi ilivyokuwa. Maumivu yalirudi, makali kuliko ya siku ya kwanza. Alikuwa anazunguka nyumba akigonga kichwa ukutani. Ndiye aliyesema, "Mama, nitilie chochote." Na mama yake, mnadhani angefanya nini? Alienda nyuma ya nyumba akachuma, akatwanga, akamkalisha kwenye mkeka, akamtilia. Akamshika kichwa magotini mpaka akalala. Asubuhi akamtilia tena, na hospitali hakurudi.

Niliporudi kutoka Muleba nilimkuta amefunikwa uso na nyumba ina harufu ya kidonda. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, Ma Anastazia akitufuata na chupa ya chai.

Daktari alifungua kitambaa. Akamwomba Ma Anastazia asubiri nje kwenye benchi, mimi nikabaki. Akamuuliza Muganyizi ametia nini machoni. Muganyizi akamwambia.

"Nilikukataza," daktari akasema.

"Ulinikataza."

"Majani yale hayakuwa safi, na macho yako yalikuwa kidonda. Usaha umeingia ndani. Nitajaribu, lakini sitaki kukudanganya. Kwa ule utomvu peke yake ungepona."

Muganyizi aliweka mikono magotini. Nje, kupitia dirishani, nilikuwa namwona Ma Anastazia kwenye benchi, anaipangusa ile chupa ya chai kwa upindo wa kitenge.

"Daktari," Muganyizi akasema, "mama yangu akikuuliza, mwambie ni utomvu."

"Akiniuliza sitamdanganya."

"Basi usimwambie kabla hajakuuliza."

Daktari akafikiri. "Hilo naweza."

Halafu Muganyizi akageuza uso upande niliokuwapo, akakosea kidogo, akautazama ukuta. "Na wewe, Sospeter. Ni utomvu."

"Ni utomvu," nikamwambia.

Jicho la kushoto liliondoka mapema. La kulia lilibaki na mwanga kwa muda, akawa anajua mchana na usiku, anajua mtu akisimama mlangoni. Halafu nalo likafunga. Alikuwa hajaoa.

Wapo watakaowaambia kuwa mtu akipofuka anazoea. Labda. Nilichokiona mimi ni mtu aliyeacha kuimba. Padri alimfuata nyumbani, wanakwaya wakamfuata, akawaambia kifua kinambana. Kifua chake kilikuwa kizima. Aliwahi kuniambia kuwa kanisani, akiimba, alikuwa anatazama watu wakigeuka kuangalia sauti inatoka wapi, na hilo ndilo lilikuwa tamu kuliko wimbo.

Aliyemrudisha kwenye kazi ni Ta Ishengoma. Alikuja Nshambya na mapanga ya kundi zima yamefungwa kwenye gunia, akayaweka miguuni kwake, akasema hakuna anayejua kunoa, yote yamekuwa butu. Ulikuwa uongo, sisi sote tulijua kunoa. Muganyizi alichukua panga moja, akapitisha kidole gumba kwenye makali, akaomba jiwe na maji. Ta Ishengoma alisimama akamwangalia akinoa, na machozi yakawa yanamtiririka mzee wa watu mpaka kwenye ndevu, akavuta pumzi puani.

"Ta, una mafua?" Muganyizi akamuuliza bila kuinua kichwa.

"Nina mafua," Ta Ishengoma akajibu.

Mzee yule hakukubali tena kazi ya mnyaa mpaka alipokufa. Mwenye malisho akiwa na mnyaa, alikuwa anasema tu, "Huo tafuteni wengine," na anaondoka. Nyinyi mtaambiwa muukate. Mkiweza kukataa, kataeni. Msipoweza, vaeni miwani inayoziba pembeni, vaeni mikono mirefu, na ukikatwa acheni ukauke kabisa kabla ya kufikiria kuuchoma, kwa sababu moshi wa mnyaa mbichi nao unaumiza macho. Utomvu ukiingia jichoni, maji safi, mengi, kwa muda mrefu kuliko mnavyodhani inatosha, halafu hospitali. Na mkirudi nyumbani ni hayo hayo aliyosema daktari, hata kama anayewaletea kitu kingine ni mtu mnayempenda.

Mapanga yakaendelea kwenda Nshambya. Tulikuwa tunamaliza kipande Muleba, mmoja wetu anayabeba, mara nyingi mimi. Kwa hiyo niliwaona wale wawili kwa miaka mingi, mama na mwana, kuliko jirani yeyote. Mgeni akija na kuuliza kulikoni, Ma Anastazia alikuwa anasema, "Mti ule umenimalizia mtoto." Na Muganyizi anaitikia kutoka alipokaa, "Mti, mama. Mti tu." Mara nyingine mgeni ananigeukia mimi niliyekuwepo, nami naitikia, mti. Nilidhani namsaidia rafiki yangu kumfichia mama yake jambo ambalo lingemuua. Nilikuwa najisikia mtu mwema.

Ma Anastazia alimhudumia mwanawe kwa namna ambayo ilikuwa inaniumiza kuitazama. Alimmenyea ndizi za kuchemsha akiwa mtu mzima mwenye mvi. Samaki alikuwa anamtoa miiba yote, anapapasa mnofu kwa vidole, kisha anamwekea mkononi. Muganyizi alimwambia mara nyingi kwamba anaweza mwenyewe. Alikuwa anajibu, "Najua, waitu," anaendelea kutoa miiba. Hilo neno "waitu" kwetu ni la heshima, unamwambia mkubwa. Yeye alikuwa anamwambia mwanawe.

Akazeeka sana. Miaka ya mwisho akawa halali wala haamki vizuri, yuko tu kitandani, binti mmoja wa jirani akisaidia. Alasiri moja nilipeleka mapanga. Muganyizi alikuwa uani kwenye jiwe lake. Nikaingia ndani kumwamkia mama.

"Shikamoo, Ma."

"Marahaba. Sogeza mlango, Sospeter."

Nikausogeza. Jiwe lilikuwa linasikika kutoka nje, linakwaruza taratibu.

"Kuna kitu nataka ukibebe," akasema. "Yule daktari mwanamke, nilimfuata. Siku ile ile mliponiacha kwenye benchi. Nyinyi mlipotoka kuchukua dawa, nilirudi mlangoni kwake nikamuuliza."

"Akakwambia?"

"Nilimuuliza kama ni mkono wangu. Akaniambia kweli. Alinishika bega, akaniambia." Alipumzika kidogo. "Ulishaniona nikimtilia mtu majani tena?"

Nilitafuta kichwani. Sikuwahi. Watu walikuwa wanakuja, anawaambia amesahau, mimi nikidhani ni uzee umeanza mapema.

"Ma, mbona hukumwambia? Miaka yote hii?"

"Ningemwambia nini? Tulipotoka hospitali alinishika mkono barabarani, akaniambia, 'Mama, ni mti.' Alikuwa hata hajajua kutembea bila macho, anajikwaa, na bado anafikiria mimi nisiumie. Hakuwa amebaki na kitu kingine cha kunipa. Nikakipokea." Akafumba macho. "Kila siku alinipa, na kila siku nikapokea. Sasa nimechoka. Nikishaondoka mwambie nilijua. Asije akadhani alimdanganya mama yake."

Nilikaa pale mpaka jiwe likanyamaza na Muganyizi akaita kuwa mapanga yako tayari.

Ma Anastazia alikufa siku ambazo watu walikuwa wanatoka kuwinda senene, mji wote una furaha. Tulimzika kwenye kibanja chao, kati ya migomba. Kwaya ilikuja. Walipofika kwenye ubeti wa pili nilisikia sauti moja ya tatu ikipanda chini ya zile nyingine, imekwaruzika, imekosa pumzi, na watu wakaanza kugeuka kuangalia inatoka wapi. Yeye hakuwaona wakigeuka. Niliwaona mimi kwa niaba yake.

Nikangoja wageni waishe. Siku matanga yalipoondolewa nilimkuta anaondoa majani makavu ya migomba kwa kupapasa. Nikamwambia yote, kama mama yake alivyoyasema, sikuongeza wala kupunguza.

Alisimama na jani mkononi.

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile. Kabla hamjafika nyumbani."

"Kwa hiyo nilipokuwa namwambia mti..."

"Alikuwa anajua."

Aliketi chini, pale pale kwenye majani. Nikakaa naye. Akawa anachana lile jani vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine, anavilaza pajani.

"Ndiyo maana ya miiba ya samaki," akasema.

"Labda."

"Sospeter, mimi nilikuwa nimemsamehe tangu pale kwa daktari. Kabla hata hujasema ni utomvu. Lakini sikuweza kumwambia nimekusamehe, kwa sababu angeuliza kwa lipi. Na yeye hakuweza kuniomba. Tumeishi humo, watu wawili, chungu kimoja." Akavikusanya vile vipande vya jani. "Tungelia siku moja tu, yakaisha. Sasa nimwambie nani?"

Nilimshika mkono, akauacha mkononi mwangu.

Nilipomwambia jana jioni kwamba mnakwenda Muleba, na kwamba nataka kuwasimulia, nilidhani atakataa kama siku zote. Akasema, "Wasimulie. Na waambie waje, mapanga yao bila shaka ni butu." Kwa hiyo kabla hamjaondoka piteni Nshambya. Mkifika uani msiingie kimya kimya, mwamkieni kwa sauti, kila mmoja aseme jina lake. Msimshike mkono kabla hajawapa wake. Atawachekesha, amerudia hali hiyo kidogo. Na kazi ikiisha rudini kwake, maana atataka kujua nyasi zimetoka au hazijatoka. Msimpambie, hata kama mtaona huruma. Mwambieni vile mlivyoziona.